Kiongozi Aliyekataa Kujitetea

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo juu yake. Natumai barua hii imewakuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua limeshang'olewa, maana mwenye jino bovu haimalizi barua ndefu, na hii ni ndefu. Huku tunamshukuru Mungu. Goti la mama lina siku zake, leo linakubali kesho linagoma, lakini ulimi uko palepale. Juzi alimuuliza daktari wa kliniki kama alisomea magoti au alisomea kuandika tu. Duka langu la kuchapa na kutoa nakala bado lipo kando ya posta, na msimu huu wa mitihani hata nafasi ya kumeza mate sina.

Najua Mwalimu alikupigia simu wiki tatu zilizopita kwa niaba ya kamati ya msikiti, na najua ulimjibu nini, kwa sababu jibu lako alilitoa mbele yetu sote, neno kwa neno. Ndilo lililonikalisha niandike. Nakuomba usome kwa mpangilio nilioandika mimi. Usiruke kwenda mwisho, kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Naanza na Fundi Viatu. Usikunje uso, Kaka, soma.

Ulipohama mji huu, miaka sita na ushei sasa, ulikuwa umevuliwa uenyekiti wa msikiti kwa sababu ya ile barua isiyo na jina. Uliamini, na bado unaamini, kwamba mwandishi wake ni Fundi Viatu, kwa kuwa ndiye aliyesimama mbele ya watu kukupinga siku ile ya Ijumaa ulipompa mgombea mimbari aombe kura. Na wenzako waliamini hivyo. Ulipoondoka tu, nusu ya waumini wakaondoka msikitini nao. Wakakodi ukumbi wa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wakamweka rafiki yako, Mwalimu wa hesabu, awe imamu wao. Tukawa na adhana mbili zinazopishana kwa dakika moja, na watu waliozaliwa nyumba zinazogusana wakawa wanapeana salamu za kichwa tu, kama wadaiwa.

Sisi tuliobaki tulikaa miezi minne bila mwenyekiti. Bomba la kutawadhia likapasuka, na kila mmoja akawa anamwambia mwenzake kwamba limepasuka. Wazee wakamwendea Fundi Viatu kibandani kwake, akiwa na misumari mdomoni na kiatu cha mtu magotini, wakamwomba aongoze. Akakataa. Wakarudi mara ya pili, akakataa. Alisema Mtume wetu ametufundisha kwamba uongozi ni amana, na siku ya malipo ni fedheha na majuto kwa asiyeutimizia haki yake, na yeye haki ya soli tu inamshinda. Mara ya tatu mzee mmoja akamwambia kwamba kuukimbilia uongozi ni kosa, lakini kuukimbia wakati watu wanazama ni kosa vilevile. Hapo akaitoa misumari mdomoni. Akasema atakubali kwa kipindi maalumu, miaka mitatu, na si zaidi ya vipindi viwili. Kwamba hakuna jambo litakaloamuliwa bila mashauriano, na katika mashauriano hayo wanawake watakuwa na sauti, si kusikilizishwa tu. Na kwamba mimbari haitatolewa kwa mtu yeyote anayetaka kura, hata akiwa yeye mwenyewe au mtoto wake. Kisha akauliza spana iko wapi, akaenda kuliziba bomba.

Sikufichi, si malaika. Ni mkaidi, na mikutano yake ni mirefu mpaka miguu inakufa ganzi. Sauti yake ya adhana, Mungu anisamehe, ingeweza kuwaamsha waliolala na kuwalaza walioamka. Lakini nimeishi miaka thelathini na nane na sijaona mtu anayebeba watu kama yeye.

Wale wa ukumbini walimpa jina, wakamwita Sheikh Kandambili. Lilipomfikia alicheka mpaka akakohoa. Akasema ni jina zuri, kwa maana kandambili moja ikipotea, iliyobaki haina kazi hata iwe mpya, na Waislamu wa mji huu ndivyo walivyo. Wiki hiyohiyo akapanda ngazi za ukumbi ule kwa mara ya kwanza, wakati wa alasiri, akasimama kwenye safu nyuma ya Mwalimu. Aliyekuwa kando yake akajisogeza pembeni kuacha pengo. Fundi akasogea kuliziba. Yule akasogea tena, Fundi akamfuata, mpaka ukuta ukamzuia yule bwana na akalazimika kusali bega kwa bega na Sheikh Kandambili. Walioshuhudia walinisimulia huku wanashika mbavu. Baada ya salamu alivaa viatu vyake akashuka. Na akawa anapanda ngazi zile kila Jumatano na kila Jumamosi, mwaka mzima, mwingine ukafuata. Sisi wa chini tulimlaumu, tukamwambia anatudhalilisha. Akatujibu kwamba kamba ya Mwenyezi Mungu tumeamrishwa kuishika sote pamoja, na mtu hawezi kushika kamba kwa kumsubiri mwenzake aanze.

Kisha akafariki mama yake Mwalimu. Ulitumiwa habari, najua, na ulituma rambirambi. Lakini sidhani kama uliambiwa yaliyotokea. Jeneza lilipofika, pande mbili zikaanza kubishana hapohapo nani asalishe: wa kwetu wakasema msikiti ndio msikiti, wa juu wakasema marehemu alikuwa wao. Sauti zikapanda. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya jeneza la mama yake kama mtu asiyejua yuko wapi. Fundi Viatu akapita katikati ya watu, akamshika mkono, akamwambia, "Huyu ni mama yako. Hakuna mwenye haki naye kuliko wewe. Tangulia, sisi tuko nyuma yako." Yeye mwenyewe akaenda kusimama safu ya mwisho kabisa, pale viatu vinapoachwa. Makaburini ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea marehemu. Kuanzia siku ile Mwalimu akaanza kuja kusali chini, kwanza Ijumaa tu, baadaye siku zote, na watu wake wakamfuata mmojammoja kwa aibu, kama watoto waliogombana wakasahau sababu. Mwaka jana ukumbi ule ukarudishwa kwa mwenyewe. Siku hizi humo huhifadhiwa saruji.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa mwaka huu, maana ndiko kulikonifumbua macho kabisa. Waliogombea ujumbe wa baraza la mji katika eneo letu walikuwa wawili. Mmoja ni mfanyabiashara wa mbao, Muislamu mwenzetu. Wa pili ni mkunga mstaafu, Mkristo, yule mama aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa huu, na wewe umo. Siku ya Alhamisi mfanyabiashara wa mbao akaleta zulia jipya la msikiti mzima, limeviringishwa juu ya gari, na ujumbe kwamba kesho yake angependa dakika kumi tu baada ya khutba. Kaka, lilikuwa zulia zuri, la kijani, unene wake mguu unazama. Letu limechakaa mpaka unahisi sakafu kwa paji la uso. Watu wakaanza kusema kwamba huyu ni wetu, na asipopita tutatawaliwa na wengine.

Fundi Viatu akaitisha mashauriano siku ileile. Akatuuliza kama kuna mtu amesahau tulivyogawanyika mara ya kwanza. Akasema kura ni ushahidi, na shahidi huulizwa alichokijua, haulizwi alichopewa. Wengine wakapinga, na nikiri kwamba walikuwa na hoja: walisema tumekaa nyuma miaka mingi, hatuna mtu wa kutusemea kuhusu ardhi ya makaburi, na anayesusia siasa huamuliwa na wanaoingia. Fundi akakubali. Akasema hasemi tususie, bali anasema tuingie kwa mlango wa mbele. Siku ya pili yake akalipandisha zulia kwenye mkokoteni, akalivuta mwenyewe mchana kweupe hadi kwenye yadi ya mbao. Yule mfanyabiashara akamuuliza kwa ukali kama anataka asiye Muislamu ashinde. Akamjibu kwamba anamtaka mwadilifu, na kama mwadilifu ni yeye atajulikana kwa majibu yake, kwa sababu zulia halijui kujibu maswali. Akamwambia pia kwamba nafasi yake kwenye safu ipo, kama ya kila mtu.

Wiki mbili baadaye wagombea wote wawili walialikwa kwenye ukumbi wa shule, na majirani wote, wa msikiti na wa kanisa. Mimi ndiye niliyechapa maswali, na waliouliza wengi walikuwa wanawake: mitaro ya maji machafu, dawa za kliniki, hati ya makaburi, na ni siku gani mwananchi ataweza kukuona ofisini. Mfanyabiashara alijibu vizuri kuhusu makaburi, akapigiwa makofi. Mkunga alijibu vizuri kuhusu mengine yote, na alipokuwa hajui jambo alisema hajui. Fundi Viatu hakumwambia mtu yeyote atampigia kura nani, hata mke wake, ambaye analalamika hadi leo.

Mkunga alishinda kwa kura chache. Nilitegemea vurugu. Ijumaa iliyofuata yule mfanyabiashara wa mbao aliingia msikitini kichwa kikiwa chini, na Fundi akasogea kumpa nafasi kando yake. Baadaye akamwomba, yeye na Mwalimu, waingie kwenye kundi linalokwenda baraza la mji kila mwezi kuuliza ahadi zimefikia wapi. Alisema jukumu letu halikuishia kwenye sanduku la kura, ndiyo kwanza lilianza, na kama mkunga akitenda vyema tumsaidie, akipotoka tumwambie usoni bila kumtukana. Mtaro wa nyuma ya kliniki umeanza kuchimbwa. Hati ya makaburi iko mezani kwa mkunga, na anayeifuatilia ni mfanyabiashara wa mbao.

Hapo ndipo vipindi viwili vya Fundi vikafika mwisho. Watu wakamsihi aendelee. Akasema ahadi ni ahadi. Wakamchagua Mwalimu awe mwenyekiti, na jambo la mwisho alilolipendekeza Fundi kabla ya kukabidhi funguo lilikuwa wewe. Alisema umoja wetu una kilema maadamu aliyejenga vyumba vya kutawadhia anasali ugenini kwa hasira. Akapendekeza Mwalimu akupigie simu kukuomba urudi ukae kwenye baraza la ushauri. Ndiyo, Kaka. Aliyesema uitwe ni yeye.

Ukamjibu Mwalimu kwamba maadamu yule mnafiki anakanyaga msikiti ule, mguu wako hautaukanyaga.

Mwalimu alilitoa jibu hilo kwenye mkutano baada ya alasiri. Tulikuwa wengi, pazia la upande wa wanawake limefunguliwa kama kawaida ya siku za mashauriano. Wote tukamtazama Fundi Viatu. Alikuwa akijitazama mikono, ile mikono yake yenye gundi isiyotoka. Kisha akasema kwa upole kwamba jambo ni rahisi: upande wa pili wa mji kuna msikiti mwingine, yeye atahamia huko, nawe utarudi kwenu. Alisema miguu yake bado ina nguvu za kutembea.

Akaanza kuinuka. Na upande wa wanawake mtu mmoja akainuka kabla yake na kusema asiondoke, kwa sababu barua ile hakuiandika yeye.

Kaka, mtu huyo alikuwa mimi. Na aliyeiandika barua ni mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo miaka sita, na sasa iko hapo juu. Niliitunga mwenyewe, nikaichapa dukani kwangu mlango ukiwa umefungwa, nikatoa nakala na kuziacha kwenye rafu za viatu msikitini. Unakumbuka siku ile mgombea alipokuja nyumbani, mkapanga sebuleni jinsi utakavyompa mimbari? Nilikwambia kuwa si sawa, ukaniambia hayo si mambo yangu, nikaangalie chai. Niliondoka na hasira. Sisemi haya kujitetea. Kama ningeandika hilo tu, kwamba umeitoa mimbari kwa mtu wa kura, ingekuwa kweli, japo ni kweli ya mwoga asiyeweka jina. Lakini niliogopa kwamba ukweli peke yake hautatosha. Nikaongeza kwamba gari ulilonunua mwezi ule ulipewa na mgombea. Nilijua ni uongo. Nilikuwepo ulipouza shamba la babu ulilorithi ili ununue gari hilo, na nilitia sahihi kama shahidi. Na ni hilo la gari lililokung'oa, Kaka. La mimbari watu wangekusamehe.

Siku tatu baada ya hapo Fundi Viatu alikuja dukani. Aliweka mezani karatasi mbili: barua ile, na tangazo la kibanda chake nililomtolea nakala wiki hiyohiyo. Zote mbili zilikuwa na mstari mwembamba mweusi ukingoni, kwa sababu kioo cha mashine yangu kilikuwa na mkwaruzo. Hakufoka. Aliniuliza swali moja tu, kama la gari ni kweli. Nikasema hapana, nikalia, nikamsihi asiniseme. Aliikunja karatasi akasema, "Mwanangu, mimi simvui nguo Muislamu mwenzangu sokoni. Lakini uzushi husafishwa palepale ulipomwagwa, na wa kuusafisha ni wewe." Nikamwahidi kwamba nitasema Ijumaa ijayo. Hesabu mwenyewe Ijumaa za miaka sita.

Watu walimuuliza kama ndiye aliyeandika, akasema si yeye. Wakamuuliza basi ni nani, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa hukumu. Marafiki zako waliacha kumpelekea viatu. Shemeji yako alimtemea mate mbele ya kibanda, nami nilikuwa ng'ambo ya barabara, nikaona, nikaingia dukani kwangu. Yeye akipita alikuwa akinisalimia kama kawaida, anauliza hali ya mama. Hakunikumbusha hata mara moja. Wakati mwingine nilitamani angenifokea.

Hayo yote niliyasema msikitini siku ile. Mwalimu aliacha kiti cha mwenyekiti, akaja kuketi chini mbele ya Fundi. Wanawake wawili waliokuwa kando yangu walisogea mbali nami, na sikuwalaumu. Mtu akasema kwa sauti kwamba niondolewe kwenye kamati ya wanawake. Fundi Viatu ndiye aliyejibu. Alisema kamati itaamua kwa mashauriano na si kwa hasira, na kwamba dada huyu bado hajamaliza kazi yake, kwa kuwa aliyedhulumiwa kwanza hayumo humu ndani. Kamati iliamua nikae nje mwaka mmoja. Nimekubali.

Mama nilimwambia jioni ileile. Hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaniambia kwamba nimemkosesha mwanawe mji, kisha akanipa goti nimpake dawa.

Kaka, nimekukosea katika heshima yako, katika nyumba yako, katika miaka sita ya watoto wako kukua mbali na bibi yao. Sina cha kukulipa. Naomba radhi yako, lakini leo siidai. Nakuomba usianze na mimi. Ulimwita mnafiki mtu aliyekustahi mbele ya umati, akamsitiri dada yako, akakubali kuhama mtaa wake ili wewe urudi. Mpigie yeye kwanza. Kibanda chake hufungwa saa kumi na moja, na simu huishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na gundi, hivyo mvumilie akichelewa kuongea. Mkishamalizana, ndipo unitazame mimi, uniamulie unavyoona.

Mama anakusalimu, anasema kama unakuja ujulishe mapema afue mashuka. Nisalimie wifi sana, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda, ukiona bado inafaa kuwaambia. Mwalimu naye anakusalimu. Mungu akuhifadhi, akulainishie moyo, na atukusanye tena kwenye safu moja.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, unaujua mwandiko, na nimeitia jina.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, yule unayemwita

Chiriku.